Mwenyeji Akikukataa kwa Jinsi Ulivyo: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Ushahidi na Kulalamika

Malalamiko mengi ya ubaguzi kwenye majukwaa ya kukodi nyumba kwa siku chache, kama Airbnb, Vrbo na Booking.com, hufa mapema kwa sababu moja. Mlalamikaji huandika jinsi alivyoumia, ilhali anayesoma anatafuta kitu kingine kabisa: mgeni mwingine, tarehe zile zile, jibu tofauti. Mlinganisho huo usipokuwepo, jibu huwa lile la siku zote, "hatukuweza kuthibitisha".

Mwongozo huu ni wa mgeni aliyenyimwa nafasi, aliyeghairiwa baada ya kukubaliwa, au aliyefukuzwa mlangoni, na anashuku kwamba kisa ni rangi, jina, taifa, dini, ulemavu, jinsia au familia yake. Kazi yote huchukua saa chache zilizotawanyika katika siku mbili tatu. Pagumu ni mwanzoni kabisa, pale hasira ingali moto na ushahidi ungali mahali pake. Kama uko safarini na huna pa kulala, tafuta kwanza pa kulala, uweke risiti, kisha urudi hapa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu au kompyuta inayopiga picha za skrini na kurekodi skrini.
- Kivinjari chenye dirisha la faragha, ili uone tangazo kama anavyoliona mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti.
- Folda moja ya ushahidi, na nakala yake mahali pa pili. Kujitumia kwa barua pepe kunatosha, na barua pepe hiyo ina faida ya kubeba tarehe.
- Rafiki mmoja mwenye akaunti yake halisi kwenye jukwaa lile lile, aliye tayari kuandika na kutia saini alichokiona. Asiyetaka jina lake litajwe hafai kwa kazi hii.
- Risiti za kila gharama iliyozuka: hoteli ya dharura, teksi, tofauti ya bei.

## Hatua ya 1: Piga picha kabla hujajibu neno

Mwenyeji anaweza kubadili maelezo ya tangazo, kufunga kalenda, au kuliondoa tangazo lote kwa dakika moja. Baadhi ya majukwaa huruhusu hata ujumbe uliokwisha kutumwa uhaririwe au uondolewe. Ukianza kwa kumjibu, unamwamsha.

Piga picha za vitu hivi, kwa mpangilio huu:

1. Mazungumzo yote, kuanzia ujumbe wa kwanza hadi kukataliwa.
2. Kalenda ya tangazo, ikionyesha tarehe ulizoomba ziko wazi au zimefungwa. Ipige ukiwa ndani ya akaunti yako, kisha uipige tena kwenye dirisha la faragha.
3. Bei ya tarehe hizo, idadi ya wageni inayoruhusiwa na idadi ya chini ya siku za kukaa.
4. Kanuni za nyumba, hadi mstari wa mwisho.
5. Anwani ya ukurasa. Kwenye Airbnb namba ya tangazo imo ndani ya anwani, baada ya neno "rooms". Jina la nyumba hubadilika, namba haibadiliki.
6. Wasifu wa mwenyeji, pamoja na matangazo yake mengine kama anayo.

Ukimaliza, washa rekodi ya skrini na uteremke polepole kwenye mazungumzo, toka juu hadi chini. Picha moja moja mtu anaweza kudai zimeungwaungwa. Rekodi mfululizo ni vigumu zaidi kuikana.

Usikate kingo za picha. Ule mstari wa juu wa simu wenye saa na tarehe ndio unaokutetea baadaye, na watu huukata ili picha ipendeze.

Saa zenyewe ni mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Ukiandika "saa nne usiku", msomaji wa ng'ambo ataona 4, nawe ulimaanisha 22:00. Maelezo yako yakipingana na saa ya mfumo kwa saa 6, unaonekana mtu asiyejua alisemalo. Tumia mtindo wa saa 24 na utaje ukanda wa saa, kwa mfano "22:10, GMT+3". Tarehe nazo andika kwa jina la mwezi: 3 Aprili 2025. Ukiandika 03/04, Marekani wataisoma kuwa tarehe 4 Machi.

Umefaulu kama mtu asiyejua habari hii anaweza kufungua folda yako na kukuambia bila kuuliza: uliomba nini, lini, ulijibiwa nini, na tarehe zilikuwa wazi au la.

## Hatua ya 2: Uliza sababu, kwa upole, mle mle kwenye jukwaa

Sasa mjibu. Ujumbe mmoja tu, mfupi:

"Asante kwa kunijibu. Naomba kujua kama tarehe hizo zimeshachukuliwa, au kuna jambo kwenye ombi langu ninaloweza kulirekebisha."

Usitaje ubaguzi. Hapa unataka sababu moja iliyoandikwa, ambayo mwenyeji hataweza kuibadilisha baadaye. Akisema leo nyumba inafanyiwa ukarabati, kisha akaambia jukwaa kwamba ulikuwa na wageni wengi mno, hizo sababu mbili zinakusaidia kuliko tusi. Mtu mwenye sababu ya kweli huwa nayo moja tu.

Mwenyeji akikupigia simu au akikuvuta kwenye WhatsApp, ongea naye ukipenda, ila baada ya hapo rudi kwenye jukwaa uandike: "Kama ulivyonieleza kwenye simu saa 10:20 leo, umesema hupokei wageni kutoka nchi yangu. Nimeelewa sawasawa?" Akikaa kimya bila kukanusha, kimya hicho nacho piga picha. Kurekodi simu kwa siri ni jambo la kuepuka mpaka ujue sheria ya mahali husika. California, kwa mfano, inataka wote walio kwenye mazungumzo ya faragha wakubali kurekodiwa.

Onyo kubwa la hatua hii: mwenyeji akikwambia "ghairi wewe, nitakurudishia pesa", usighairi. Ukibonyeza wewe, kumbukumbu za mfumo zinaandika kwamba mgeni ndiye aliyeacha, masharti ya marejesho yanakugeukia, na kwa upande wa mwenyeji hakuna lolote lililotokea. Mwambie kwa maandishi kwamba bado unaitaka nafasi, na kama hawezi kukupokea aghairi yeye.

Umefaulu kama una sababu yake kwa maandishi, au una swali lako lililokaa saa 24 bila jibu.

## Hatua ya 3: Tafuta maelezo mengine kabla mwingine hajakutafutia

Kukataliwa peke yake hakuthibitishi kitu. Katika jaribio la watafiti wa Harvard la mwaka 2015, maombi yalitumwa kwa wenyeji takriban 6,400 wa Airbnb katika miji mitano ya Marekani. Maombi yote yalifanana isipokuwa jina. Wenye majina yanayohusishwa na wazungu walikubaliwa kama asilimia 50. Wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi, asilimia 42. Ubaguzi ulikuwepo bila shaka, lakini nusu ya "wazungu" nao hawakupata. Anayepokea lalamiko lako anaijua hesabu hiyo, hata kama hakuambii.

Kwa hiyo pitia orodha ya sababu halali: umeomba siku moja na yeye anataka tatu, una mnyama wa kufugwa, unavuta sigara, akaunti yako haijathibitishwa, ujumbe wako ulinukia sherehe, huna tathmini hata moja. Kila sababu inayokuhusu, iandike na jibu lake. Usipoitaja wewe, ataitaja mwenyeji.

Yapo pia mambo yanayoruhusiwa ambayo wengi hudhani ni ubaguzi. Sera ya Airbnb inamruhusu mwenyeji anayeishi humo humo, akitumia choo, jiko au sebule pamoja na mgeni, kupokea wageni wa jinsia yake tu. Kuhusu watoto, anaruhusiwa kueleza hatari za nyumba, mathalani ngazi zisizo na ukuta au bwawa lisilo na uzio. Kueleza hatari ni jambo moja, kukataa familia kwa kuwa ni familia ni jingine, na sheria za nchi nyingine ni kali zaidi ya sera hiyo.

Kisha angalia kukataliwa kulitokea *wakati gani*. Tangu Oktoba 2018, mwenyeji wa Airbnb haoni picha ya mgeni mpaka awe amekubali ombi. Basi ukikataliwa kabla ya kukubaliwa, alichokuwa nacho ni jina lako, lugha uliyoandika, tathmini zako na ujumbe wako. Ukikubaliwa saa 14:05 kisha ukaghairiwa saa 14:12, kitu kipya kilichojitokeza katikati ni picha yako. Dakika hizo saba ziandike kwa herufi nzito. Kwa wakazi wa jimbo la Oregon mambo yalikwenda mbali zaidi: kuanzia 31 Januari 2022, kufuatia kesi iliyomalizwa kwa makubaliano, mwenyeji alionyeshwa herufi za mwanzo za jina badala ya jina, hadi athibitishe.

Usibadilishe jina wala picha ya akaunti yako lalamiko likiwa njiani, hata kama unahisi kufanya hivyo kungekurahisishia safari. Ukibadilisha, atakayechunguza ataona akaunti tofauti na ile aliyoiona mwenyeji.

## Hatua ya 4: Jaribio la kulinganisha

Hatua hii ndiyo inayobeba lalamiko zima, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Rafiki yako anaomba nyumba ile ile, kwa tarehe zile zile, watu idadi ile ile, safari ya aina ile ile. Tofauti iwe moja tu, ile unayoshuku. Ujumbe wake uwe na maudhui kama yako, kwa maneno yake mwenyewe.

Kitu kinachoharibu majaribio mengi ni tathmini. Utafiti mwingine uliofanywa kwenye Airbnb, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba wageni wasio na tathmini wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi walikubaliwa kwa pointi 19.2 za asilimia pungufu ya wenzao. Ilipoongezwa tathmini moja tu nzuri, pengo hilo halikuonekana tena kitakwimu. Ina maana kwamba rafiki mwenye tathmini 15 akikubaliwa na wewe usiye nayo ukakataliwa, hujathibitisha lolote kuhusu rangi. Mtafute aliye na idadi inayokaribiana na yako. Ukikosa, chukua mwenye chache kuliko wewe. Akikubaliwa yeye, ushahidi wako una nguvu zaidi.

Utaratibu:

1. Hakikisha kalenda bado iko wazi kwa tarehe hizo. Kama imefungwa, piga picha na usifanye jaribio. Kumbuka mwenyeji anaweza kufunga tarehe kwa mkono. Kalenda iliyofungwa haithibitishi kwamba kuna mgeni.
2. Subiri saa moja hadi tatu baada ya kukataliwa, usivuke saa 24. Ukikawia, ataweza kusema hali ilibadilika, na pengine ni kweli.
3. Rafiki atume *swali* kwa mwenyeji badala ya kulipia nafasi. Akilipa na kukubaliwa ataingia kwenye masharti ya kughairi. Idhini ya awali, yaani mwenyeji kumruhusu aweke nafasi kabla hajalipa, ni jibu tosha.
4. Naye apige picha zote za Hatua ya 1, kwenye simu yake.
5. Akishajibiwa, amwarifu mwenyeji kwa adabu kwamba hatahitaji tena.

Usifungue akaunti ya kubuni. Inavunja masharti ya jukwaa, hufungwa, na inampa mwenyeji hoja ya kubadili mazungumzo yote yawe juu ya uongo wako. Usirudie jaribio na marafiki watano pia. Mwenyeji atashtuka, na wa tatu hadi wa tano watakataliwa wote kwa sababu nyingine kabisa. Mmoja anatosha, wawili ndio mwisho. Na kama mwenyeji ameshaiandika sababu waziwazi, jaribio halina kazi, liruke.

Umefaulu kama una majibu mawili tofauti kwa ombi moja. Rafiki naye akikataliwa, hayo ni matokeo, si bahati mbaya: rudi Hatua ya 3 na ujiulize upya kwa unyoofu.

## Hatua ya 5: Andika mfuatano wa matukio

Ukurasa mmoja, usizidi. Kila mstari uwe na tarehe, saa, tukio na namba ya picha:

- 12 Mei 2025, 19:42 (GMT+3). Nimetuma ombi: siku 3, watu wazima 2. Picha 01.
- 12 Mei 2025, 20:15. Mwenyeji amekataa, sababu "nyumba haipatikani". Picha 02.
- 12 Mei 2025, 20:19. Kalenda iko wazi kwa tarehe hizo. Picha 03 na 04.
- 12 Mei 2025, 22:30. Rafiki ametuma swali kwa tarehe hizo hizo. Picha 05.
- 12 Mei 2025, 22:51. Rafiki amepewa idhini ya awali. Picha 06.

Vivumishi viache. "Kwa dharau", "kwa kiburi" na "bila utu" havina picha ya kuvithibitisha, na mistari mitano kama hii inauma zaidi bila hayo.

## Hatua ya 6: Wasilisha kwa jukwaa

Tuma kupitia kitufe cha kuripoti kilicho kwenye tangazo au mazungumzo, kisha fungua shauri kwa huduma kwa wateja. Sentensi ya kwanza iwe na neno "ubaguzi" na itaje msingi wake. Ukiandika "nimetendewa vibaya", lalamiko linakwenda kwenye foleni ya migogoro ya kawaida pamoja na mashuka machafu. Andika kwa lugha anayoisoma wakala, kwa sentensi fupi.

Kielelezo:

"Naripoti ubaguzi kwa msingi wa rangi na asili ya kitaifa. Tangazo namba [ ]. Tarehe [ ] niliomba nafasi ya siku [ ], nikakataliwa kwa sababu [ ]. Dakika [ ] baadaye kalenda ilikuwa bado wazi. Saa [ ] baadaye mgeni mwingine, mwenye tathmini [ ] kama zangu, alikubaliwa kwa tarehe hizo hizo. Nimeambatisha mfuatano wa matukio na picha 6. Naomba: (1) mchunguze maombi yote ambayo mwenyeji huyu ameyakubali na kuyakataa, (2) mnisaidie kupata nyumba inayolingana, (3) mnirudishie tofauti ya gharama, risiti zimeambatishwa, (4) mnipe uamuzi kwa maandishi na namba ya shauri ndani ya siku 7."

Ombi la kwanza lina uzito kuliko linavyoonekana. Wewe una jaribio moja, jukwaa lina historia nzima ya nani alikubaliwa na nani alikataliwa na mwenyeji huyo. Usipowaelekeza waitazame, wengi wataishia kumuuliza mwenyeji, naye atakana.

Ombi la pili kwa Airbnb lina sera nyuma yake, iliyotangazwa mwaka 2016: mgeni aliyeshindwa kupata nafasi kwa sababu ya ubaguzi anasaidiwa kupata mahali pengine panapofanana. Wakala wa zamu anaweza asiitaje. Itaje wewe.

Makosa ya kawaida hapa ni matatu. La kwanza, kufungua shauri jipya kila unapokawizwa. Kila jipya linaanzia kwa mtu asiyejua lolote, kwa hiyo endelea kwenye lile lile. La pili, kufunga dirisha la gumzo kabla ya kupiga picha. La tatu ndilo la gharama: kupokea kuponi au fedha za kukutuliza bila kusoma maneno yanayoandamana nazo. Yakisema kwamba umeridhika na hutadai tena, huenda unaiuza Hatua ya 8, yaani haki ya kupeleka shauri nje ya jukwaa, kwa bei ya usiku mmoja.

Umefaulu kama una namba ya shauri na uamuzi wa maandishi, hata ukiwa wa kukukatalia. Usitarajie kuambiwa mwenyeji alipewa adhabu gani. Majukwaa kwa kawaida huficha hilo kwa hoja ya faragha.

## Hatua ya 7: Dai data zako

Ukiwa Umoja wa Ulaya au Uingereza, sheria ya ulinzi wa data inakupa haki ya kupata nakala ya taarifa zako binafsi, bila malipo, ndani ya mwezi mmoja. Muda huo unaweza kurefushwa kwa miezi miwili zaidi kama ombi ni tata. Nje ya huko, angalia sheria ya mahali unapoishi. Majukwaa makubwa pia yana kitufe cha kuomba data ndani ya mipangilio ya akaunti.

Taja unachotaka: ujumbe wote uliotumwa na kupokewa, kumbukumbu za maombi na kughairiwa zenye saa, na maandishi ya ndani ya mawakala kuhusu shauri lako. Hayo ya mwisho ndiyo matamu. Humo unaweza kukuta kama kweli kuna mtu aliyezifungua picha zako.

## Hatua ya 8: Peleka nje ya jukwaa, ukichunga muda

Usingoje jukwaa limalize. Muda wa kisheria huhesabiwa tangu siku uliyobaguliwa, na majadiliano na huduma kwa wateja hayausimamishi. Sheria inayotumika mara nyingi ni ya mahali nyumba ilipo, siyo ya kwenu.

Ujerumani muda ni mfupi sana: dai chini ya sheria ya usawa, AGG, liwasilishwe ndani ya miezi 2. England, Scotland na Wales, chini ya sheria ya usawa ya 2010 (Equality Act), kesi ya huduma ifunguliwe mahakamani ndani ya miezi 6 kasoro siku moja. Hiyo siku moja inaweza kukuangusha. Ontario, Canada, ni mwaka 1 kwenye baraza la haki za binadamu, na huko chumba ambacho mgeni anatumia bafu au jiko pamoja na mwenye nyumba kina msamaha wake, yaani sheria hiyo haikigusi.

Marekani pana tabaka kadhaa. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazuia ubaguzi wa rangi, dini na asili ya kitaifa katika malazi ya umma, ila inaiacha nyumba yenye vyumba vya kukodi visivyozidi 5 ambamo mwenyewe anaishi. Sheria ya makazi ya 1968 inagusa pia ulemavu, jinsia na familia zenye watoto, nayo ina msamaha wake kwa jengo la makazi yasiyozidi 4 ambalo mwenyewe anaishi mojawapo. Lalamiko kwa wizara ya nyumba, HUD, ni ndani ya mwaka 1, na mahakamani miaka 2. Kama sheria hiyo inafika hadi kwenye kukaa siku chache ni jambo linalobishaniwa, kwa hiyo usiegemee hapo tu. Kwa ubaguzi wa rangi ipo sheria kongwe ya 1866 kuhusu haki ya kufanya mkataba, isiyo na msamaha wa nyumba ndogo. Majimbo nayo yana sheria zao, mara nyingi kali zaidi.

Kumshtaki mwenyeji na kulishtaki jukwaa ni njia mbili tofauti. Masharti ya Airbnb kwa wakazi wa Marekani hupeleka migogoro yao na kampuni kwa msuluhishi badala ya mahakama. Mgeni mmoja mweusi aliyeishtaki mwaka 2016 aliambiwa hivyo na mahakama mwaka huo huo, na rufaa yake ikagonga ukuta ule ule mwaka 2021. Masharti hayo hayakuzuii kulalamika kwenye idara ya serikali, na kulalamika huko hakukulazimu kuwa na wakili.

Njia ya idara ina meno. Februari 2017 huko California, mwenyeji aliwaghairi wageni waliokuwa karibu kufika, kwenye dhoruba ya theluji, akamwandikia aliyeweka nafasi kwamba sababu ni kuwa mgeni huyo ni Mwasia. Idara ya haki za kiraia ya jimbo ilisimamia makubaliano: dola 5,000, kuomba radhi, na kusoma kozi ya masuala ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Kilichoibeba kesi ni ujumbe ule, uliokuwa umeshapigwa picha.

Peleka folda ile ile, na uongeze uamuzi wa jukwaa. Umefaulu kama umepewa namba ya usajili kabla ya siku ya mwisho.

## Hali mbili zinazobadili mpangilio

Umefukuzwa mlangoni. Ondoka kwanza. Usibishane kizingitini wala usijaribu namba za kufuli. Mwenyeji akiita polisi, hadithi inageuka. Ukiwa mahali salama, piga picha ya jengo na namba ya nyumba, hifadhi ramani inayoonyesha ulipo, kisha upige simu ya dharura ya jukwaa na uombe pa kulala usiku huo huo. Baada ya hapo ndipo Hatua ya 1. Jaribio la kulinganisha huwa halina nafasi hapa. Badala yake andika maneno uliyoambiwa kama yalivyo, ndani ya saa ile, na kila aliyekuwa nawe aandike yake peke yake bila kusoma ya mwenzake.

Una ulemavu, au una mnyama msaidizi. Pengo huku ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Katika jaribio la watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, la mwaka 2016, maombi zaidi ya 3,800 ya Airbnb yalitumwa: wasiotaja ulemavu walipewa idhini ya awali asilimia 75, wasioona asilimia 50, wenye jeraha la uti wa mgongo asilimia 25.

Ukitumia kiti cha magurudumu, tenganisha mambo mawili kwenye lalamiko. Nyumba kuwa na ngazi si kukubagua. Kukataa kukujibu mlango una upana gani, au kukwambia "hutafurahia hapa" bila kukupa vipimo, ni habari nyingine. Omba vipimo kwa maandishi: upana wa mlango wa chumba na wa bafu kwa sentimita, idadi ya ngazi, urefu wa kizingiti.

Mbwa mwongozaji au mnyama mwingine aliyefunzwa kazi hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa, kwa hiyo kanuni ya "hakuna wanyama" haimhusu. Marekani mwenyeji anaweza kuuliza mambo mawili tu: kama mnyama anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kazi gani. Yajibu yote mawili kwenye ujumbe wako wa kwanza kabla hujaulizwa. Akikataa baada ya hapo, hatakuwa na pa kusema hakuelewa. Mnyama wa kuliwaza tu, asiyefunzwa kazi, ana ulinzi mdogo na hutegemea sheria ya mahali. Na ukiona ada ya mnyama imeongezwa kwenye bili yako kwa ajili ya mbwa mwongozaji, usiilipe kimyakimya ili mambo yaishe: piga picha ya mchanganuo wa bei, omba iondolewe kwa maandishi, na ada hiyo ipe mstari wake kwenye mfuatano wa matukio.